Tano za Mkamburi

Siku ya kwanza Mkamburi alipoingia ofisini kwetu Voi alikuwa amekumbatia taipureta, na jasho lilikuwa limelowanisha gauni lake mgongo mzima tangu stendi ya basi. Nilidhani anauza. Nikamwambia tunazo za kutosha na anayezipiga ni mimi, kwa hiyo asijisumbue kuifungua. Akaitua juu ya meza yangu bila kuniomba ruhusa, akaondoa kifuniko, nikaona herufi ambazo sijawahi kuziona, nyingine kama zetu lakini zimegeuzwa kinyume. Akaniambia kwa upole kwamba yeye ndiye mfasiri mpya. Nilimchukia mpaka saa ya chai.

Mimi jina langu Philister. Mume wangu Okoth alikuwa mtu wa reli, ndiyo sababu Mjaluo kama mimi, niliyezoea ziwa na mvua, nikajikuta napangusa vumbi jekundu mezani Voi kila asubuhi, na jioni napangusa tena. Ofisi yenyewe ilikuwa ya madalali wa mkonge. Sisi hatukuwa na shamba. Kazi yetu ilikuwa kumtafutia mwenye shamba mnunuzi, na kumtafutia mnunuzi katani, na kula kidogo katikati. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, bei ya mkonge imepanda mpaka watu waliokuwa wakiutukana wakaanza kuusifu. Kila Ijumaa tulitoa karatasi iliyoitwa Taarifa ya Soko: bei ya katani, tani zilizoko ghalani, thamani ya shilingi, riba za benki, ada za bandari. Iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka huo Warusi wakaanza kununua kwa wingi, na wakubwa wetu wa Mombasa wakaamua kwamba taarifa itoke kwa Kirusi pia.

Sasa mtu wa kujua Kirusi, Voi hii, utampata wapi? Kumbe yuko Wusi, juu kwenye milima ya Taita, anafundisha hesabu shule ya harambee kwa mshahara wa kuomba.

Mkamburi aliondoka nyumbani mwaka wa sitini na mbili, msichana mwembamba mwenye sweta moja, akapitia Sudan na Misri pamoja na vijana wengine waliopata nafasi ya kwenda kusoma Urusi. Baba yake, Mzee Reuben, aliuza ng'ombe wote na kipande cha shamba cha bondeni, kile chenye maji, ili binti apate nauli. Akasoma uchumi miaka sita kwenye baridi ambayo alipojaribu kunieleza nilimwomba aache. Akarudi na shahada, na taipureta, na karatasi ya alama zake za masomo yote. Katika karatasi hiyo kila somo lilikuwa na tano.

Hapo ndipo maisha yake yalipokwama, na nataka ieleweke vizuri, maana mimi mwenyewe nilielezwa mara mbili. Kwa Warusi, alama ya juu kabisa ni tano. Moja ni ya chini. Kwetu, cheti cha kidato cha nne tulichopewa na Waingereza kinakwenda kinyume: moja ndiyo ya kujivunia, tisa ni kuanguka, na tano ni ya mtu wa katikati, aliyepita tu. Karatasi ya Mkamburi ilipofika Nairobi ilipewa mfasiri mmoja wa mjini, naye akafasiri majina ya masomo vizuri sana. Kando ya kila tano paliandikwa kwa Kirusi neno la kusema "bora kabisa". Maneno hayo hayakutosha kwenye safu aliyoichora, kwa hiyo akayaacha, akazibeba zile tano kama zilivyo. Mkamburi akaenda usaili ofisi moja baada ya nyingine, na kila ofisa alitelemsha kidole kwenye safu ile, tano, tano, tano, kisha akamtazama kwa huruma. Akieleza, walicheka. Mmoja alimwambia kwamba hata yeye angepata tano angesema ndiyo ya kwanza.

Alinisimulia haya tukila kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa, alichokuja nacho kutoka kwao, maana kufikia mwezi wa pili tulikuwa tumeshakuwa marafiki. Nikamwambia ofisa yule angekuwa mbele yangu ningemtia kidole machoni. Akasema ofisa hakumuumiza sana. Aliyemuumiza ni baba yake.

Wataita wana desturi wanaiita kutasa. Mtu akiwa na hasira moyoni dhidi ya wa kwake, hasa mzazi dhidi ya mtoto, hasira hiyo hata ikifichwa inaweza kumdhuru yule mtoto: atakosa kazi, atakosa afya, mambo yake yataharibika. Dawa yake ni mwenye hasira aitoe. Anachukua maji au pombe ya miwa mdomoni, anayapuliza nje, na kutamka kwamba moyo wake umekuwa mweupe, mtoto na abarikiwe. Kuna watu wa kanisa wanaoikataa, na wako watu wa kanisa wanaoifanya nyuma ya nyumba. Mzee Reuben alikuwa mzee wa kanisa wa aina hii ya pili.

Basi Mkamburi aliporudi na kunyimwa kazi kila mahali, habari za zile tano zikapanda mlima mbele yake. Alimweleza baba yake usiku wa kwanza kwamba kwa Warusi tano ndiyo ya juu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasema ni sawa. Asubuhi akamwita nyuma ya nyumba akiwa na kibuyu cha maji. Akakiri kwamba aliposikia tano alikasirika, akiwakumbuka ng'ombe na shamba la bondeni, na kwamba labda hasira hiyo ndiyo inayomzibia binti njia. Akapuliza maji, akamsamehe, akambariki. Mkamburi alisimama pale akilowa. Kusamehewa kosa ambalo hukulifanya, aliniambia, ni kitu ambacho huwezi kukirudisha kwa mwenyewe. Ungefanyaje, umwambie mzee arudishe maji yake mdomoni?

Toka siku hiyo, miaka sita yote, kila akipanda Wusi baba yake alimpokea kwa upole uleule wa mtu aliyekwisha kusamehe. Kwa hiyo kazi yetu ile ya Taarifa ya Soko haikuwa kwake kazi ya mshahara tu, ingawa mshahara nao aliuhitaji. Aliajiriwa kwa majaribio, na akipita angekuwa mfanyakazi wa kudumu, mtu aliyepimwa akaonekana anafaa. Akishindwa angerudi nyumbani kusamehewa mara ya pili. Hilo ndilo aliloliogopa, na aliniambia hivyo bila kuzunguka.

Sasa nije kwa Musyimi.

Bwana Musyimi alikuwa mkuu wetu, Mkamba wa Kibwezi, mwangalifu kuliko paka kando ya maji. Si mtu mbaya. Alikuwa na rula ya mti aliyoitumia tangu shule, na kila Ijumaa aliweka taarifa ya Kiingereza kushoto, nakala ya Kirusi kulia, akatelemsha rula mstari kwa mstari. Kirusi hakujua hata salamu. Alichokuwa akilinganisha ni tarakimu. Miaka ya nyuma, kabla sijaja, karani mmoja alikuwa amekosea tarakimu na Musyimi akatia sahihi bila kuangalia, na nusura afukuzwe. Tangu hapo hakuna namba iliyotoka ofisini bila kupita chini ya rula ile.

Taarifa ya kwanza ya Mkamburi ikagonga rula hapohapo juu.

Sisi tunaandika elfu moja mia mbili na hamsini kwa kuweka mkato baada ya elfu: 1,250. Tatu na robo tatu tunaiandika kwa nukta: 3.75. Warusi wanageuza. Mkato kwao ndio unaotenga nambari nzima na vipande vyake, na maelfu wanayatenga kwa kuacha nafasi tupu. Kwa hiyo Mkamburi alikuwa ameandika 1 250, na riba ya benki ameiandika 3,75, na shilingi zetu, ambazo sisi tunaziweka mbele ya namba, yeye amezihamishia nyuma. Karatasi nzima Musyimi hakuona namba hata moja aliyoijua. Akaita kwa sauti ambayo hakuwa na kawaida ya kuitumia.

Mkamburi akamweleza. Akachukua kalamu akamwonyesha kwamba Mrusi akiona 1,250 anasoma moja na robo. Musyimi alisikiliza kwa heshima, kisha akatikisa kichwa.

"Bi Mkamburi, maneno ni yako. Namba ni zangu."

"Namba pia zinasomwa, Bwana Musyimi. Zisipofasiriwa zinasema uwongo."

"Mimi hiki Kirusi sijui. Kwa hii karatasi yote, kitu natambua ni namba peke yake. Ukizibadilisha, hapa chini nitaweka sahihi ya nini?"

Nilikuwa nimekaa pale na daftari langu la hatimkato, na ukweli ni kwamba sikujua nimpe nani haki. Mtu anaambiwa aape juu ya karatasi ambayo haisomi, na wewe unamnyang'anya kitu kimoja anachokitambua. Lakini nilimtazama Mkamburi nikaona midomo imebana, nikajua anaiona karatasi nyingine, ile ya Nairobi, na mfasiri mwingine aliyebeba namba kama zilivyo akidhani huo ndio uaminifu.

Alikataa kuzipiga. Alisema kwa adabu kabisa kwamba mkono wake hauwezi. Akaomba basi aweke mstari mmoja chini, kwa Kirusi, wa kumweleza msomaji kwamba namba zimeandikwa kwa desturi ya Kiingereza. Musyimi akauliza atajuaje kwamba mstari huo unasema hivyo na hausemi jambo lingine. Mwishowe ukapatikana mpango wa ajabu: yeye atapiga maneno na kuacha mapengo, halafu mimi nitaingiza karatasi ileile kwenye taipureta yangu na kujaza namba kutoka kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyofanya. Kila Ijumaa karatasi ya Kirusi ilitoka na maneno yake membamba na namba zangu nene zimekaa katikati kama wageni waliovaa buti.

Mimi nilimshauri auingize ule mstari kwa siri. Musyimi hajui Kirusi. Ingiza mstari wako katikati ya habari za bandari, nani atajua? Akaniambia kwamba siku Musyimi akigundua hataamini tena hata neno lake moja, na atakuwa na haki. Nikasema sawa, baki na haki yako. Nilikasirika, maana nilitaka apate ile kazi, nayo ilikuwa ikimponyoka na yeye anaiangalia.

Ikaponyoka kweli. Musyimi alimwandikia mkubwa wa Mombasa kwamba mfasiri ni hodari lakini hakubali maagizo, na majaribio yake yakiisha yasiendelezwe. Barua niliipiga mimi, maana hakuna mwingine wa kuipiga. Nilibonyeza vile vitufe kwa hasira hata herufi o zikatoboa karatasi.

Na wakati huohuo biashara ikawa haiendi. Bei iko juu, ghala limejaa, tani elfu moja mia mbili na hamsini zimelala pale za kiwango kizuri, lakini Warusi kimya. Wakata mkonge wakapunguziwa siku za kazi. Jirani yangu Wanjala, aliyetoka Bungoma kuja kukata mkonge, akawa anashinda nyumbani akiniuliza mimi, kwa sababu nafanya kazi ofisini, kuna habari gani. Nilikuwa sina habari. Musyimi alisema soko lina mambo yake.

Siku ya mwisho ya Mkamburi ilikuwa Ijumaa. Mzee Reuben akateremka kutoka Wusi na basi la asubuhi, akapeleka magunia yake mawili ya kabeji stesheni yaende Mombasa, kisha akaja ofisini na kamba ya mkonge begani kufunga taipureta. Mrefu, kofia ya zamani mkononi, viatu amevipangusa mlangoni. Akamsalimu kila mtu, akaketi kwenye benchi la wageni, akamwambia binti yake asiharakishe. Alisema taratibu, kwa ule upole.

"Si kitu, mwanangu. Nyumbani ni kwako."

Mkamburi akaendelea kufunga kamba bila kuinua macho. Mimi nilitoka nje kidogo, nikasimama barazani nikitazama mlima wa Sagalla na ukame wake, nikarudi.

Ndipo gari likaingia uani, Landrover nyekundu ambayo tulipoitazama vizuri ilikuwa nyeupe. Lilikuwa limetoka Moshi kwa barabara ya Taveta, likapita Salaita na vumbi lake lote. Akashuka dereva, halafu mzungu mnene mwenye nyusi zilizojaa udongo, akasema neno moja tu la Kiingereza, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba tunaficha mtu. Alikuwa mnunuzi wa Kirusi, yuko safarini kwenda Mombasa.

Musyimi akamkaribisha kwa mikono miwili, akageuka, akatafuta mtu wa kumsaidia. Alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameshika ncha ya kamba. Kwa dakika nzima Musyimi alipambana na shingo yake. Kisha akamwomba, na alimwomba vizuri: kama haitamsumbua, kwa hisani yake, atufasirie.

Mkamburi akaiacha kamba. Alipoanza kuongea ile lugha mgeni aliruka kidogo kwenye kiti, kisha uso ukamfunguka, wakazungumza kwa haraka, na mara ya kwanza nikamsikia Mkamburi akicheka kwa sauti kubwa. Alikuwa mtu mwingine. Mzee Reuben aliweka kofia chini akawa anamtazama.

Mgeni akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Nikazitambua namba zangu kutoka mbali. Akaiweka mbele ya Musyimi, akaweka kidole kinene chini ya 1,250, akasema maneno marefu kwa adabu. Mkamburi akafasiri.

"Anasema amepita hapa kuuliza tu. Hakuelewa kwa nini ofisi kubwa hivi inatangaza tani moja na robo. Alidhani ni mabaki ya ghala. Amekwisha kununua Moshi."

Musyimi akamwomba arudie. Akarudia yaleyale, hakuongeza kitu. Nilingoja aseme neno lake, hata nusu ya neno, maana mimi ningesema mpaka kanisa la Sagalla lisikie. Hakusema. Alisimama mikono pamoja, amekuwa mdomo wa watu wawili, akingoja nani ataongea sasa.

"Mwambie ni elfu moja mia mbili na hamsini," Musyimi akasema. "Mwambie ziko hapo nyuma, aende aone."

Akamwambia. Mgeni akatoa kalamu, akaandika pembeni mwa karatasi: 1 250. Akamsogezea Musyimi, akainua nyusi kuuliza kama ndivyo. Musyimi alichukua rula yake kwa mazoea, akaiweka chini ya ile namba, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa sawasawa na ile aliyoikataa yeye mwenyewe. Kisha akaiweka rula ndani ya droo.

"Philister," akaniambia bila kunitazama, "fungua hiyo kamba kwa taipureta. Bi Mkamburi yuko na kazi Ijumaa ijayo. Na namba ataandika vile zinasomwa huko."

Nilifungua ile kamba kwa meno. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani anaona. Musyimi alikuwa akimuuliza Mkamburi, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuusikia kwake, kama atamfundisha namna ya kuzikagua, na mgeni alikuwa akisema kwamba anaweza kuzichukua tani mia sita kama bei itazungumzika. Nikamfikiria Wanjala. Hapo tungeweza kuishia, na kila mtu angekwenda nyumbani ameridhika.

Lakini kutoka benchini tukasikia mtu anakohoa. Mzee Reuben alikuwa amesimama.

"Samahani, wakubwa. Mimi nauliza tu, kama inaruhusiwa." Akamtazama mgeni, si binti yake. "Kwao, alama za shule. Tano ni ngapi?"

Mgeni akamgeukia Mkamburi kuuliza mzee anasema nini. Mkamburi alikuwa amegeuka rangi. Nilidhani hatafasiri, na nadhani yeye mwenyewe alidhani hivyo. Halafu akafasiri, maneno machache, akitazama sakafu.

Mgeni akacheka cheko zuri. Akainua mkono wake mpana, vidole vyote vimetawanyika, akautikisa mbele ya mzee, akasema, akajigonga kifua, akasema tena.

"Anasema tano ndiyo ya mwisho," Mkamburi akafasiri. "Juu ya tano hakuna kitu. Anasema yeye alipata tano moja tu maisha yake yote, na ilikuwa ya kuogelea."

Hakuna aliyecheka ila mgeni, naye akaacha.

"Na zako zilikuwa zote," akasema Mzee Reuben. Haikuwa swali.

"Zote, Baba."

"Uliniambia."

"Nilikuambia."

Mzee akatingisha kichwa polepole. Akatembea mpaka kwenye mtungi wetu wa maji pembeni, akachukua kikombe kilichokuwa juu yake, ambacho ni changu na hakuna anayekigusa, nami sikufungua mdomo. Akakijaza. Akarudi nacho kwa mikono miwili, akasimama mbele ya binti yake, kichwa chake cheupe kimeinama, mzee wa kanisa mbele ya Mkamba na Mjaluo na Mrusi.

"Siku ile mimi nilikutasia, na mwenye hasira ya haki hakuwa mimi," akasema. "Hasira ni yako, umekaa nayo miaka yote. Sasa wewe nitasie mimi."

Mimi nimeishi na Wataita muda mrefu, na sijawahi kusikia mzazi akimwomba mtoto hivyo. Mkamburi alisema hana hasira. Alisema haraka, vile mtu anavyosema hana njaa nyumba ya watu. Mzee hakukishusha kikombe.

Akakipokea. Akanywa funda, akalishika mdomoni, mashavu yamejaa, macho yamejaa pia. Likakaa humo. Nikafikiri atalimeza, na angelimeza, ningemwelewa. Miaka sita si jambo la kutema mara moja mbele ya watu. Baba yake alingoja. Nje gari moshi la mizigo lilikuwa likipanga mabehewa, tukalisikia mpaka lilipomaliza.

Kisha akapuliza. Yalitoka kwa nguvu kuliko nilivyotarajia, yakamlowesha mzee kichwa na mabega, mengine yakafika kwenye viatu vya mgeni, ambaye hakuviondoa. Mkamburi akatamka maneno kwa lugha yao, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti, halafu akilia waziwazi. Sikuyajua maneno yale. Nilishika moja tu, la Kiswahili, tano, na alilisema mara nyingi.

Mzee Reuben alibaki ameinama mpaka alipomaliza. Hakujipangusa. Akaokota kamba yake sakafuni, akaikunja vizuri, akaitia begani, akapanda basi la kurudi Wusi bado shati limelowa.